Uma wa Mwalimu Yordani

Mwalimu Yordani aliugonga uma wake wa sauti gotini, kisha, badala ya kuupeleka sikioni kama walimu wengine wa kwaya, akaukaza katikati ya meno na kufumba macho. Watoto wa sauti ya kwanza wakafinyana kwa kicheko. Chuma kile kidogo, chenye ncha mbili na mpini mfupi, kilitetemeka mdomoni mwake, naye akatoa "mmm" moja iliyonyooka. Watu arobaini wa kambi yetu ya mkonge wakaipokea, kila mmoja mahali pake.

Hakuwa akisikia. Miaka sita ya kulisha korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge, ilikuwa imemaliza masikio yake, na sauti ya uma aliipata kwa mifupa ya taya. Sisi hatukujua. Kama meneja angejua, angemwondoa kwenye ualimu na kumrudisha kwao Songea, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hakubaki mtu wa kumwita kwa jina. Nami, mtu msomi, niliupaka uma ule pilipili.

Naandika haya bwenini nikiwa na miaka kumi na saba, umri unaomstahilisha mtu kuandika kumbukumbu zake. Kwa faida ya wanahistoria, nitaje kwanza makosa yangu mengine: chura katika kofia ya kiranja mkuu, kengele ya chakula iliyolia saa nzima kabla ya chakula kuiva, barua ya mapenzi kwa mwalimu wa hesabu, ikiwa na sahihi ya mpishi. Kwa hayo yote nilichapwa, na mambo yakaisha. Kwa hili la uma sijachapwa. Hakutokea mtu wa kunichapa.

Ilikuwa mwaka hamsini na tatu, Malkia alipokuwa akitawazwa kwao Uingereza, na kwaya za Korogwe na Handeni ziliitwa kushindana kumwimbia bomani Handeni, ingawa yeye mwenyewe hakualikwa. Nilikuwa nimerudi kambini likizo. Mama alikuwa amefariki mwaka wangu wa kwanza wa bweni. Baba, Mikaeli, fundi wa injini kiwandani, alirudi jioni akinuka mafuta, akaniuliza, "Umekula?" Nikajibu, "Ndiyo, baba." Hapo mazungumzo yetu ya siku yalikuwa yamekwisha.

Wenzangu wa utotoni walikuwa wakikata mkonge. Mdoe, ambaye zamani tuligawana naye kila kitu hadi chawa, mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba. Yangu ilikuwa na doa moja la wino.

"Shikamoo, Bwana Shule," alinisalimu mbele ya watu, ameinama kama anayemwamkia babu yake. Wote walicheka. Nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo.

Kwa hiyo niliingia kwaya, ambamo Mdoe na wenzake walikuwa wakiimba. Tulifanya mazoezi alasiri, kazi ikishaisha, ndani ya banda la marobota ya katani. Watoto walifundishwa kwanza, do-re-mi zikiwa zimeandikwa kwa chokaa ubavuni mwa sanduku. Kisha wakubwa, ambao wengi hawakujua kusoma, walisimama nyuma ya watoto wakachukua wimbo kutoka kwao. Baba mzima mwenye ndevu alimwinamia binti wa miaka tisa, Grasiana, amwambie amekosea wapi.

"Umeteremka mapema, baba," Grasiana alimwambia. "Ngoja nikutikisie kichwa."

Mwalimu mwenyewe alizunguka nyuma yetu. Alimwekea kila mtu kiganja katikati ya mabega, akakiacha hapo mistari miwili, mitatu, akitazama chini. "Wewe unavuta." "Wewe umelala." Hakukosea hata mara moja. Tuliamini alikuwa akitafuta wavivu. Siku moja alipofika kwangu alikaa zaidi, akasema, "Valerian, una sauti, lakini unaificha. Unamwogopa nani?" Naweza kuandika tu kwamba katika likizo ile yote, mkono ule ndio pekee ulionigusa.

Kwa sababu ya usomi wangu alinikabidhi uma niwe nautunza, umefungwa katika leso nyeupe. Wino, alisema, ni uchafu wa heshima.

Mdoe aliniona nikiikunja leso ile kwa uangalifu.

"Zamani ulikuwa mtundu," alisema. "Sasa unakunja leso."

"Naweza bado."

"Huwezi."

"Nikiweza?"

Alifikiri. "Ukiweza, siku ya Handeni utakaa nasi nyuma ya lori. Usipoweza, kaa mbele na karani."

Kiti cha mbele kilikuwa na mto. Sijawahi kuchukia mto kiasi kile.

Asubuhi ya safari nilitwanga pilipili kavu, nikaichanganya na mafuta ya nazi, nikaupaka mpini wa uma mpaka ukang'aa. Nilifanya kazi safi. Kama ingekuwa mtihani ningepata alama zote. Kisha nilipanda nyuma ya lori. Mdoe alisogea, akanipisha. Tulipita mashamba ya mahindi na vumbi jekundu, bega langu likigonga lake kila penye shimo, na sidhani kama nimewahi kufurahi hivyo.

Bomani kulikuwa na bendera, viti vya wakubwa, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, katika sare nyeupe. Kwaya mbili zilitutangulia. Tulipoitwa, nilifungua leso, nikampa Mwalimu Yordani uma wake kwa mikono miwili. Alinishukuru kwa kichwa.

Akaugonga gotini. Akautia menoni.

Kwanza macho yake yalijaa maji. Kisha alikohoa, akaufuta kwa shati, akaugonga tena, akajaribu tena, lakini midomo ilikuwa imewaka na meno hayakukubali kufunga. Watu walianza kucheka. Hakugeuka kuwatazama. Aliupeleka uma kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, tena la kulia, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Nyuma yake karani wetu, Bwana Semboja, alimwita.

"Mwalimu! Anza basi!"

Mwalimu hakugeuka.

"Mwalimu Yordani!"

Bwana Semboja alimwita mara ya tatu, kwa sauti iliyowafanya askari wa boma wageuke. Mwalimu alikuwa bado anautazama uma. Ndipo nilipomwona karani akinyamaza na kumtazama mtu yule kisogoni, polepole, na nikaelewa pamoja naye. Kiganja mgongoni. Uma menoni. Yote yaliniingia kwa wakati mmoja, mbele ya boma, katika kaptula iliyopigwa pasi.

Mama Mwanaidi wa sauti ya pili ndiye aliyetuokoa. Alianza peke yake, bila kumngoja mtu, akashika sauti aliyoizoea kila alasiri, nasi tukamfuata. Mwalimu aliona midomo ikifunguka. Akainua mikono, akatuongoza mpaka mwisho, macho yakimtoka machozi ya pilipili, na katikati ya ubeti wa pili aliushusha mkono mmoja na kuuweka mgongoni kwa Grasiana, ajue tulipofika.

Tulipata nafasi ya pili.

Katika lori hakuna aliyeimba. Mdoe alinitazama, akainuka akaenda kukaa upande mwingine.

"Ile pilipili haikupanda lori yenyewe," alisema Mama Mwanaidi, bila kumtazama mtu. Baadaye akaongeza, "Mzee wa watu."

Bwana Semboja hakuwa mtu mbaya. Alimwambia meneja kwa sababu meneja alimuuliza, na meneja alisema ni jambo la kusikitisha, na juma lile lile Mwalimu Yordani alipewa barua ya kurudishwa kwao na nafasi katika lori la kwenda Morogoro kupitia Handeni, barabara ile ile. Nilimkuta Korogwe mjini asubuhi, ameketi juu ya sanduku lake la mbao. Hakuna mwingine wa kambi aliyekuja. Ilikuwa siku ya kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi na hitimisho. Niliinamisha kichwa nikaisema yote kuviambia viatu vyangu: uma, Mdoe, mto wa kiti cha mbele, mafuta ya nazi.

"Inua uso," alisema kwa upole. "Nasoma midomo. Umesema nini?"

Niliinua uso. Alikuwa akinitazama mdomoni, akisubiri.

"Nimesema safari njema, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha alinigeuza kwa bega, akaweka kiganja chake katikati ya mabega yangu. "Niimbie do."

Niliimba, pale barabarani, watu wakipita na mizigo yao. Kiganja kilikaa. Nilitamani pumzi isiishe.

"Umepanda kidogo," alisema. "Lakini leo hukuificha."

Dereva akapiga honi, na mimi ndiye niliyelazimika kumwonyesha kwa mkono. Kabla ya kupanda alinitilia leso kifuani mwa shati, kwa namna mtu anavyorudisha kitu kwa mwenyewe.

Niliifungua lori lilipokwisha potea. Uma ulikuwa ndani. Niliugonga gotini, nikautia menoni, nimekaza macho, nikiusubiri moto. Haukuwako. Uma ulikuwa umeoshwa, na leso ilinuka sabuni, imekunjwa mara nne kama nilivyokuwa nikiikunja mimi.

Sauti ilinijaa kichwa kizima. Mwanamke aliyekuwa amesimama karibu nami, mwenye kikapu cha mihogo, hakusikia kitu.