Bomba la Mkono wa Kushoto

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika chumba cha kushonea cha hospitali, Shangazi alijipima mkono wa kushoto kwa tepu ileile aliyopimia makoti ya madaktari. Kifundo sentimita kumi na tisa, chini ya kiwiko thelathini na mbili, juu ya kiwiko thelathini na nane. Akaandika kwa chaki ya nguo kwenye ubao wa cherehani, chini ya vipimo vya wiki iliyopita, kisha akaendelea kupinda shuka za chumba cha upasuaji.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewavalisha wote, wazima na wagonjwa. Miaka miwili nyuma walimtoa titi la kushoto na matezi ya kwapani. Saratani ikaondoka, na njia ya maji ya mwili ikaondoka nayo. Mkono ukaanza kujaa. Na kwa mshonaji, mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Ukiwa mzito, mshono unakwenda upande kama mlevi.

Daktari wa upasuaji, kijana wa vidole vyembamba, alimchorea njia tatu nyuma ya fomu.

"Ya kwanza, tunaunganisha vimishipa vinavyobeba maji haya na mishipa ya damu, ili maji yapate pa kutokea. Tunashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele."

"Namba ngapi?"

"Hauna namba za dukani, Shangazi."

"Basi huo si uzi, ni uvumi."

Daktari alicheka, akaendelea. Ya pili, matezi machache hutolewa kinenani na kupandikizwa kwapani. Ya tatu ni ya waliochelewa: nyama ikishakakamaa, mafuta yanafyonzwa kwa mrija, au nyama yenyewe inakatwa. Mzigo unapungua, njia haifunguki. Na kwa zote tatu, soksi ya mkono ya kubana ataendelea kuivaa.

"Yako ni ya kwanza," alisema, akamkandamiza kwa kidole gumba. Pakabaki shimo, kama la kidole kwenye unga uliokandwa. "Shimo hili likiacha kuonekana, tumechelewa."

Shangazi aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Siku yake ilipofika alirudishwa kutoka mlangoni. Pampu ya hospitali ilikuwa imekufa wiki mbili, mabomba yalikuwa makavu, na daktari hawezi kupasua mtu bila kunawa. Mganga mkuu alikuwa ameshaandika barua ya kuomba pampu nyingine. Barua ilikuwa njiani.

Siku tatu baadaye sindano ya cherehani ilimchoma kidole cha shahada cha kushoto. Damu haikutoka. Yalitoka maji, meupe, ya baridi, na hayakukoma. Aliweka ndoo chini ya kidole, akamaliza pindo kwa mkono mmoja. Ndoo ilipojaa akaita aletewe nyingine.

Sista mkuu alikuja, akachota kwa kikombe, akanusa, akapeleka maabara. Majibu yalisema ni safi kuliko ya mjini. Basi fundi bomba akaitwa. Alikuja na mpira, koki ndogo ya shaba na utepe mweupe wa kuzuia uvujaji, akapiga goti aunganishe kidole na bomba la ukutani.

"Shangazi, mkono huu una presha nzuri. Ningekuwa nao mmoja nyumbani, mke wangu asingeninunia."

"Kaza taratibu. Mimi si ukuta."

"Nimeshafunga mabomba ya wakubwa, wala hawakulalamika."

"Hawakulalamika kwa sababu koki hukuwafunga wao kidoleni."

Alasiri hiyo mabomba ya jengo zima yalikohoa, kisha yakatoka maji. Mtu mmoja alipasuliwa kidole tumbo, mwingine ngiri. Shangazi alifurahi kama wengine. Kwa hesabu yake zamu yake sasa ilikuwa karibu, na mkono ungetoa maji mpaka uishe.

Haukuisha. Maji yalitoka, uzito ukabaki. Tena hayakuwekeka akiba. Fundi bomba alijaza pipa, akaenda kula, aliporudi akalikuta kavu kama halijawahi kuona maji. Alirudia mara tatu. Yalidumu saa moja baada ya kumtoka Shangazi, hayakuzidi hata dakika moja. Kwa hiyo walimsogezea cherehani karibu na ukuta wa chumba cha upasuaji, mpira usiwe mrefu.

Mwezi wa pili jibu la barua lilifika. Mganga mkuu alimsomea mwenyewe, kwa heshima. Ombi la pampu limefungwa, kwa kuwa ukaguzi umeonyesha hospitali ina maji.

"Na mimi, baba?" Shangazi aliuliza.

"Wewe ni namba moja kwenye orodha, mama. Hakuna aliyekuondoa."

Ilikuwa kweli. Jina lake lilikuwa juu, na wengine walipita chini yake.

Mwezi wa tano daktari alimwita kweli. Alivaa gauni alilolishona mwenyewe, akapanda kitandani. Fundi bomba alifunga koki, akachomoa mpira, sista akauosha mkono kwa dawa. Chumba cha pili, daktari alikuwa amejipaka sabuni mpaka viwikoni. Bomba likakohoa, likakata.

"Shangazi," daktari aliita kupitia mlango, "naomba ufunguliwe kidogo nimalizie sabuni."

"Nikifunguliwa utanipasua vipi?"

Povu lilianza kumkauka daktari mikononi.

"Sitaweza," alisema. "Lakini yuko mwingine nje. Mwalimu wa chekechea. Mkono kama wako, ndiyo kwanza una miezi mitatu."

Shangazi alitazama taa ya juu ya kitanda. Kisha akashuka, akashika gauni kwa nyuma, akaketi kwenye benchi la korido. Fundi bomba alirudisha mpira bila mzaha. Upasuaji ule ulichukua saa saba, na saa zote saba Shangazi aliyasikia maji yakipita ukutani. Sista alimletea chai. Aliinywa kwa mkono wa kulia.

Baada ya wiki sita mwalimu alikuja chumba cha kushonea. Soksi yake ya mkono ilikuwa inampwaya.

"Umepungua sentimita nne," Shangazi alisema, akishika pini kwa meno.

"Mungu ni mwema, dada. Na watu wanavyoisema vibaya hospitali hii! Mimi nimefika siku ileile nimepasuliwa. Hata maji mnayo."

"Yapo," Shangazi alisema. "Nyoosha mkono."

Aliipunguza soksi vizuri, mshono ndani kwa ndani usimkwaruze. Mwalimu alipoondoka, daktari aliingia. Hakukaa. Alimkandamiza Shangazi juu ya kiwiko kwa kidole gumba, akangoja, akakiondoa. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Hapakuwa na shimo. Alijaribu pengine, na pengine tena.

"Acha, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Umeshaona."

"Ipo ile ya tatu."

"Hiyo nayo inahitaji maji?"

Daktari akatoka.

Shangazi alijipima. Juu ya kiwiko, arobaini na nne. Gauni lake la kazi lilikuwa limeanza kumbana kushoto, akaamua kukata jingine. Kwa mkono wa kulia wa gauni alitumia kielelezo cha zamani, karatasi ya kukatia. Cha kushoto kilikuwa hakitoshi. Kilipungua vidole vinne kwa upana, na karatasi za kuchorea zilikuwa zimekwisha. Akafungua kopo la vifungo, akatoa ile fomu yenye njia tatu, akainyoosha kwa kiganja, akaibandika pembeni ya kielelezo.

Ilitosha kabisa. Akaweka kitambaa juu, akaanza kukata, huku ng'ambo ya ukuta mtu akinawa.