Wimbo Usiopigiwa Makofi

Tangu Tokyo Misuzu alikuwa amebeba sentensi moja tu, na alikuwa ameifanyia mazoezi ndani ya treni kama mtu anayejifunza wimbo mpya: Baba, nisamehe kwa siku ile, leo njoo, na ukitaka kupiga makofi, piga. Haikuwa sentensi ndefu. Mwanamke aliyeimba mbele za watu kwa miaka ishirini angeshindwaje kuyasema hayo barazani kwa baba yake mwenyewe?

Alimkuta Mzee Kanekichi kwenye baraza ya nyuma, amezungukwa na ndoo tatu za matunda ya makaki, yale machungu ambayo hayaliki mpaka yamenywe na kuanikwa.

"Umechelewa," baba alisema bila kuinua macho. "Kisu kiko pale."

Ndivyo walivyosalimiana, baada ya miezi kumi.

Misuzu aliketi akaanza kumenya. Saa tisa alasiri bendi yake, Sabita Hashigo, ingepiga onyesho lake la mwisho katika ukumbi wa mji, mwendo wa dakika kumi tu kutoka hapo, kisha kila mtu angeshika njia yake. Tiketi ya baba ilikuwa mfukoni mwa Misuzu. Wimbo wa mwisho ungekuwa ule wa polepole aliomtungia marehemu mama yake, wimbo ambao mashabiki walikuwa wakiulilia tangu ujana wao, na ambao baba hakuwahi kuusikia jukwaani hadi mwisho.

Aliwahi kuusikia nusu. Ilikuwa mjini Sendai, miaka kumi na tisa iliyopita, katika klabu ndogo ya chini ya ardhi. Misuzu alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba alikuja na suti yake ya harusini na boksi la figili za kukaushwa kwa moshi, akasimama katikati ya vijana wenye nywele za rangi. Ulipoanza wimbo ule ukumbi wote ulinyamaza, kama ilivyo desturi: katika wimbo wa polepole watu husimama mikono chini, hawapumui kwa nguvu, wala hawapigi kofi mpaka noti ya mwisho imekufa kabisa. Ndipo zikasikika: pa, pa, pa. Makofi ya baba, mazito, ya mtindo wa nyimbo za kijijini. Watu waligeuka. Mmoja akacheka. Misuzu alisahau ubeti wa pili wote, akabaki anaimba la-la kama mlevi.

Nyuma ya jukwaa alimwambia, mbele ya wenzake, "Hapa si ngoma ya kijijini, Baba. Kama hujui kusikiliza, usije tena."

Mzee hakujitetea. Aliwainamia wanabendi mmoja mmoja, akawaomba radhi kwa usumbufu, akaacha figili mezani, akarudi kwao kwa treni. Wala hakuja tena. Miaka mingi ilikuwa imepita Misuzu alipokumbuka, ghafla, siku moja anasuuza mchele, kwamba mama yake naye alikuwa akiimba kwenye mikutano ya kijiji, na kwamba baba alikaa mbele kila mara akimpigia makofi, kwa sababu kwao mwimbaji asiyepigiwa makofi ameachwa peke yake.

"Unamenya nene," baba alisema. "Utaacha kokwa tupu."

"Kisu chako butu."

"Kisu hakina kosa. Mikono ya kushika maikrofoni hiyo."

Sasa, Misuzu alijiambia. Alifungua mdomo, na mlango wa uani nao ukafunguka. Alikuwa Bibi Hatsue, jirani, amekuja kuomba kamba za kuanikia.

"Loo, nyota ya muziki nyumbani," alisema Bibi Hatsue. "Afadhali umekuja. Mwambie baba yako apunguze sauti ya kaseti yake. Kila siku saa kumi, wimbo wako ule ule wa polepole. Paka wangu sasa anaujua kuliko wewe."

"Wewe Hatsue, chukua kamba uende," mzee alisema.

"Naenda. Ila mwanangu, kama ungemwona anavyousikiliza! Mbele ya picha ya mama yako, ameikalia mikono yake miwili, hivi, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikamuuliza, Kanekichi, mikono inakuuma? Akanijibu anajifunza."

Bibi Hatsue alicheka, akachukua kamba, akaenda zake. Misuzu alitazama kaki mkononi mwake. Ganda lilikuwa limekatika.

"Unajifunza nini, Baba?"

"Mambo ya wazee."

Hapo palikuwa pa kusema. Hapakuwa na pengine pazuri zaidi ya hapo, na yeye alilijua hilo wakati huohuo, si baadaye. Lakini aliogopa kwamba akisema neno moja atalia, na baba hajui la kufanya na mtu anayelia. Akatoa tiketi, akaiweka kwenye sakafu ya mbao kati yao.

"Njoo tu," alisema.

Mzee alifuta vidole vyenye utomvu, akaisoma tiketi pande zote mbili. "Nipate kiti cha nyuma. Karibu na mlango."

"Popote utakapo."

"Basi nitakuja. Safari hii sitakuaibisha."

Ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa wa umri wa Misuzu mwenyewe, wengine wamekuja na watoto wao. Kwa muda wa saa moja na nusu waliruka na kupiga kelele, na Goda, mpiga dramu, alivunja fimbo mbili. Kisha taa zikashushwa, watu wakaketi, na kimya kile cha wimbo wa polepole kikatanda.

Misuzu alimwona. Safu ya mwisho, kiti cha pembeni, suti ileile iliyomlegea sasa mabegani. Mikono yake haikuonekana. Ameikalia.

Angeweza kusema kwenye maikrofoni: Baba, piga. Alilifikiria hilo. Lakini watu mia nne wangegeuka kumtazama, kama walivyogeuka Sendai, na mzee angetaka sakafu immeze. Akaimba tu.

"Usifunge dirisha bado, Mama, theluji nayo inaona baridi."

Ulipofika mwanya wa gitaa kabla ya ubeti wa mwisho, Misuzu aliacha maikrofoni, akainua mikono, akapiga polepole: pa, pa, pa. Mapigo yale ya kijijini. Goda alimtazama kama amerukwa na akili, kisha akaelewa, maana yeye alikuwapo Sendai na alikula zile figili. Akaugonga ukingo wa dramu kumfuata. Wa safu ya mbele walishangaa. Mmoja akapiga. Wakafuata wawili, kumi, hatimaye ukumbi mzima, watu waliokuwa hawajawahi kuupigia makofi wimbo ule tangu uzaliwe, wote pa, pa, pa, wengine machozi yakiwatoka.

Mtu mmoja tu hakupiga. Alikuwa amekaa wima pembeni mwa mlango, taya limekaza, mabega yanatikisika kidogo kwa kila pigo, mikono imekaliwa barabara.

Noti ya mwisho ilikufa kabisa. Hapo, kwa wakati wake hasa, Mzee Kanekichi alitoa mikono yake na kupiga makofi pamoja na wengine, kwa adabu.

Nyuma ya jukwaa aliwainamia wanabendi mmoja mmoja. "Leo sikuwasumbua," aliwaambia. Goda alitaka kusema kitu, akaishia kuinama chini kuliko yeye.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mapaa.

"Umeona?" baba alisema. "Wote wameanza kupiga, mimi nimekaa imara. Nikajisemea, hawa hawajafundishwa."

"Baba, yale makofi nilikuwa nakupigia wewe. Ili upige."

Mzee alipunguza mwendo, akamtazama.

"Ulitaka?" Misuzu aliuliza. "Ulitaka kupiga?"

"Pale pa dirisha, nilitaka sana. Mikono ilikuwa inawaka moto." Aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na alama nyekundu za kiti. "Sasa ndipo unaponiambia."

"Nilikuja asubuhi nikuambie. Nikuambie na lile la Sendai. Nisamehe, Baba."

"Asubuhi ulikuwa unamenya."

"Ndiyo. Nilikuwa namenya."

Hakukuwa na onyesho jingine la kumwalika. Vyombo vilikuwa vinapakiwa kwenye lori wakati huohuo. Walipofika getini mzee alisimama. Kisha akasema ndoo mbili bado hazijaguswa, na kwamba kama treni ya Misuzu ni ya kesho basi leo kuna kazi.

"Ni ya kesho," Misuzu alisema, ingawa haikuwa.