Mafuta ya Shangazi

Kazi yangu ni kupima malori. Nimekaa kwenye kibanda cha mizani kando ya barabara kuu miaka kumi na tisa, na madereva wote wa barabara ile wananijua, wengine kwa heshima, wengine kwa matusi. Lori likipanda kwenye mizani na kuonyesha uzito uliozidi, sina maneno mengi: punguza. Dereva atalalamika, atanionyesha picha za watoto wake, ataapa kwamba ni mvua ndiyo iliyoulowesha mzigo. Punguza. Tafuta lori jingine lenye nafasi, hamishia huko kilichozidi, kisha nendeni zenu wote wawili kwa amani.

Nayasema haya mapema ili mtu asinicheke kabla hajajua akili yangu ilikotokea.

Binti wa kaka yangu anauza kwenye duka la dawa. Mwaka juzi aliugua homa ya matumbo, akapona, mwili ukarudi, ila mashavu hayakurudi. Yaliingia ndani na huko ndani yakakaa. Mtoto ni mzima, anakula, anacheka, anapanda ngazi mbili mbili, lakini kila mteja akiingia dukani anaanza na pole. “Pole sana dada, unaendeleaje?” Na mgonjwa ni yule anayeuliza! Siku moja mama mmoja alichukua kopo la vitamini, akamtazama binti usoni, akalirudisha kopo kwenye rafu taratibu, akaondoka. Mwenye duka akaona biashara itakufa. Akamhamishia stoo akapange maboksi, “mpaka utakapopata nafuu.” Nafuu ya nini, hakusema.

Binti akachoka na pole za watu. Akaenda kwa daktari wa upasuaji wa urembo, akaelezwa kwamba mafuta ya mwili yanaweza kunyonywa mahali yalipo, yakasafishwa, yakatiwa mashavuni kwa sindano. Akakubali, akapangiwa siku. Habari hizi nilizipata kwa simu kutoka kwa baba yake, yaani kaka yangu.

“Wanamtia mafuta mashavuni,” kaka akasema. “Na daktari kasema siku hiyo asiende peke yake. Aende na mtu wa familia.”

“Si lazima aende na mtu?” nikamjibu. “Mafuta atayatoa wapi, na yeye alivyo? Lazima apatikane aliyezidisha mzigo, amhamishie.”

 Kaka akasema, “Eeh, ndiyo maana yake.” Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, na hapendi kuonekana kuna jambo halijui. Hata jua halijazama, alikuwa ameshaupigia simu ukoo mzima kuueleza, kana kwamba upasuaji huo yeye ndiye aliyeugundua.

Hapa inabidi niseme ya moyoni. Mimi ni mnene. Si ule unene wa kuambiwa “umependeza, umejaa.” Wangu ni ule wa kuambiwa “wewe subiri gari la pili.” Ndugu zangu wananiita Tanki, na wananiita hivyo mbele ya wageni. Tukipiga picha nasimamishwa nyuma ili wenzangu waonekane. Pakiwa na sufuria za kuosha au godoro la kubeba, wa kwanza kuitwa ni mimi. Pakiwa na mtu wa kuchaguliwa kwa jambo la maana, huwa nasikia ameshachaguliwa. Sasa mara hii mwili huu huu waliokuwa wakiucheka ulikuwa unahitajika. Nilitaka nichaguliwe mimi. Nilitaka mpaka usingizi ukapungua, na sioni aibu kusema.

Tukakaa kikao sebuleni kwa kaka. Binti mwenyewe hakuitwa, maana kwetu mtu anayejadiliwa haitwi, ataharibu mjadala. Wifi yangu, mama yake binti, akawa wa kwanza kusimama. Naye amejaliwa mwili, ingawa anaubana kwa mikanda.

“Mimi ndiye niliyemzaa,” akasema. “Mafuta ya mama yatamzoea haraka.”

“Damu ya huyu mtoto ni ya kwetu,” nikasema. “Na mafuta yanafuata damu.”

“Nani kakwambia?”

“Na wewe nani kakwambia?”

Mdogo wetu wa mwisho, mwalimu, mtu mwembamba kama fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, akanyoosha mkono akasema hata yeye anaweza kuchangia kidogo. Watu walicheka mpaka akatoka nje kwenda kupunga upepo.

Kaka akaamua mambo yamalizwe kwa mizani. Kesho yake asubuhi, kabla malori hayajaanza kuja, nikawafungulia geti kazini. Wifi akapanda na mkoba wake.

“Mkoba ushushe,” nikamwambia.

“Una leso tu humu.”

“Hata madereva husema hivyo. Ushushe.”

Akaushusha, ukatua chini kwa kishindo. Kisha nikaingia kibandani kusoma. Ikaandika mia moja. Nikatoka, nikapanda mimi, kaka akaenda kusoma. Mia moja. Nilikuwa nimesahau kwamba mizani ya malori haijishughulishi na kilo moja moja. Inaruka ishirini ishirini. Kwa mizani ile, mimi na wifi tulikuwa mtu mmoja. Wifi akafurahi sana, maana alijua fika kwamba kwa mizani ya hospitali ningemwacha mbali. Lakini kaka akakumbuka kwamba mkewe ana presha, na mtu mwenye presha hakatwikatwi ovyo.

“Presha yenyewe umenipa wewe,” wifi akamwambia mumewe, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa garini.

Basi nikachaguliwa. Kaka alinipa mkono pale pale juu ya mizani, akaniita kwa heshima, “dada yangu.” Nilikuwa nimesahau sauti yake ikiniita hivyo.

Zilibaki wiki mbili, nikazitumia vizuri. Niliona haifai kumpa mtoto mafuta ya hovyo hovyo, kwa hiyo nikaacha vya kukaanga, nikala parachichi, karanga, mayai na maziwa, asubuhi na jioni, ili mzigo uwe wa hali ya juu. Nikamwomba ruhusa bosi wangu, nikawaambia wenzangu wa kibandani kwamba nitarudi nusu. Nikapeleka magauni mawili kwa fundi ayapunguze. Fundi akanitazama, akautazama utepe wake, akauliza, “Niyapunguze, au niyaongeze?” Nikamwambia afanye kazi aliyotumwa.

Siku yenyewe tulifika kliniki saa mbili asubuhi, mimi na binti. Nilikuwa sijala tangu jana yake, maana nilisikia anayepasuliwa haruhusiwi kula. Binti naye hakuwa amekula, na njia nzima alikuwa ananishangaa ninavyokataa hata maji. “Shangazi, wewe unafunga nini?” akauliza. Nikambonyeza mkono, nikamwambia asiwe na wasiwasi, tuko pamoja. Nilidhani anajifanya hajui kwa aibu ya kupokea.

Tukaingizwa chumba chenye vitanda viwili. Muuguzi akampa binti gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni. Mimi sikupewa. Nikaona wamesahau, nikavua viatu, nikapanda kitanda cha pili, nikajilaza chali, nikapandisha blauzi kidogo ili wakifika wasihangaike kutafuta tumbo. Kitanda kikalia. Ndipo akaingia daktari, mama wa makamo mwenye miwani, kamba ya miwani imepita shingoni.

“Karibuni,” akasema. Akanitazama. “Na wewe mama, unaumwa nini?”

“Siumwi, daktari. Mimi ndiye mwenye mafuta.”

Daktari akageuka kumtazama binti. Binti alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

“Naona,” daktari akasema polepole. “Ila mama, mafuta ya mtu mmoja hayatiwi kwa mtu mwingine. Mwili utayakataa. Mafuta tunayatoa kwake mwenyewe, hapa pajani.”

“Kwake?” nikainuka kwa kiwiko. “Huyu? Utayaona na darubini?”

“Hata mtu mwembamba ana pa kutolewa kidogo. Na kwa mashavu hatuhitaji mengi. Kwake yeye ni kama vijiko vinne vya chai, pande zote mbili.”

Vijiko vinne vya chai! Ukoo umekaa kikao, wifi amepanda mizani ya malori, na mimi nimekula parachichi ishirini na nane, kwa ajili ya vijiko vinne vya chai. Nikashusha blauzi. Binti alikuwa hajajua kama acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Nilishikwa na hasira, na mimi nikikasirika narudi kazini kwangu. Nikakaa kitako pale kitandani, nikamhoji daktari kama dereva wa usiku.

“Unachopakia ndicho kinachofika?”

“Hapana,” akasema, wala hakukwepa. “Sehemu ya mafuta huwa inakufa, mwili unainyonya. Pengine itabaki nusu, pengine zaidi. Tutajua baada ya miezi kadhaa, na huenda akahitaji kurudia. Nilishamwambia.”

“Lori likinipotezea nusu ya mzigo njiani mimi naita polisi.”

“Ndiyo maana nasema kabla ya safari, mama.”

Jibu hilo nililiheshimu. Nikamuuliza sindano ataishika nani, yeye au wanafunzi. Akasema yeye, akanionyesha cheti chake ukutani, nikashuka kwenda kukisoma chote mpaka mhuri. Nikamuuliza ubaya ukitokea ni upi. Akasema uvimbe na michubuko ni vya kawaida, wiki mbili au tatu uso utatisha kuliko ulivyoingia, kwa hiyo asikimbilie kioo. Uchafu ukiingia, patatunga usaha. Na lipo la nadra lakini baya: mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu wa uso, mtu anaweza kupofuka. Kwa sababu hiyo, akasema, swali langu la nani anashika sindano ndilo ambalo kila mtu angepaswa kuliuliza, na wengi hawaliulizi.

“Umesikia?” nikamgeukia binti. “Kupofuka.”

“Nilishasikia, shangazi. Nililala nalo wiki nzima.” Akajifuta macho. “Nataka tu watu waniulize bei ya dawa.”

 Muuguzi akaja kumchukua, na mimi nikatolewa kwenye korido.

Nikakaa kwenye benchi la chuma, viatu mkononi, njaa inanikata. Sasa hasira ikaisha, ikabaki aibu, na chini ya aibu huzuni, huzuni kabisa, ya kitoto. Nilikuwa nimechaguliwa mara moja tu katika maisha yangu, tena kwa kitu ambacho hakikutakiwa. Nikafikiria ndugu zangu watakavyocheka, na magauni mawili kwa fundi. Nikajiambia kama kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye benchi, basi akae mama yake, ndiye mwenye haki hiyo.

Muuguzi akarudi na faili. “Mama, wewe ndiye utakayebaki na mgonjwa?”

“Hapana. Mpigieni mama yake. Mimi nilikuja kwa kazi nyingine.”

Muuguzi akakunja uso, akafunua faili. “Lakini hapa ameandikwa mtu mmoja tu. Tunawaulizaga siku ya kwanza wanapokuja, nani atakayekaa nao baada ya upasuaji, maana wakitoka humo wanakuwa na dawa ya usingizi mwilini, na siku za mwanzo hawafai kuachwa wenyewe.” Akanigeuzia karatasi. “Tena tulimwambia aandike uhusiano tu. Yeye akaandika na maelezo.”

Mwandiko wa binti naujua, umeinama kulia. Palipoulizwa uhusiano alikuwa ameandika: *Shangazi. Nikiwa naye siogopi.*

Nikatafuta tarehe. Ilikuwa ya nne, mwezi uliopita. Kikao tulikaa tarehe ishirini na moja ya mwezi huo huo. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mtoto huyu alikuwa ameniandika wiki mbili na zaidi kabla ya kikao, wakati hakuna mtu duniani aliyekuwa amefikiria habari za mafuta yangu, hata mimi mwenyewe.

Nililia pale pale kwenye benchi. Njaa nayo ilichangia, sitaki kudanganya, lakini nililia. Muuguzi akaniletea chai na biskuti, akaniambia shughuli itachukua kama saa mbili, naweza kwenda kunyoosha miguu nje. Nikamwambia siendi popote. Nikavaa viatu.

Simu ikaita. Alikuwa kaka, na nyuma yake nilisikia sebule nzima imekaa kimya kusikiliza.

“Vipi dada yangu, wamekutoa kiasi gani?”

“Hawajanitoa kitu, kaka. Mafuta ni yake mwenyewe.”

Nikamsikia mwalimu anacheka, na wifi anasema kitu kwa sauti ya juu.

“Basi kama ni hivyo,” kaka akasema, “wewe rudi zako upumzike. Namleta mama yake sasa hivi aje akae hapo.”

“Mama yake aje jioni kumjulia hali,” nikasema. “Hapa pana mtu.”