Kijiti Aigiza Mgonjwa

Mabango ya hospitali kuhusu moyo yalibandikwa ukutani kwenye ukumbi wa jumuiya ya watu wenye asili ya Bara Hindi. Yalionyesha watu warefu wenye kaptura wakikimbia, na sahani za vyakula ambavyo hakuna mama mle ndani aliyewahi kuvipika.

"Mwanangu, hawa wanatuhusu nini sisi?" bibi mmoja alimuuliza nesi aliyeyaleta.

Nesi alikuwa mtoto wa jumuiya hiyohiyo. Alijua hawawahusu. Akayabandua, akaandika mchezo wa kuigiza kwa lugha ya nyumbani: mume anaumwa moyo jikoni kwake, na mkewe na shemeji yake hawajui. Nafasi ya mume akampa fundi saa mmoja mwembamba ambaye tangu shuleni anaitwa Kijiti.

"Mimi? Si utafute mwenye kitambi!" Kijiti alisema. "Nyama sili, sigara sivuti. Moyo utaniumaje?"

"Ndiyo maana nakutaka wewe, kaka. Watu wetu moyo unawapata mapema, hata wembamba. Wakikuona wewe watashtuka."

Nafasi ya mke alipewa mkewe wa kweli, mshonaji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kumfokea Kijiti mbele za watu; na ya shemeji akapewa kaka yake huyo mke.

Siku ya mazoezi Kijiti aliingia ameshika kifua kwa mikono miwili, akapiga yowe, akaanguka chali. Watu walicheka mpaka machozi.

"Simama, kaka," nesi alisema. "Wengi hawaanguki. Umepanda ngazi. Taya linauma, mkono mzito, jasho linakutoka. Unakaa, unasema ni gesi."

Kijiti akakaa. Alijifuta paji la uso kwa kiganja, akasugua taya chini ya sikio, kisha akasema bila kuinua macho, "Nipe maji ya moto. Gesi yenyewe imerudi."

"Msanii huyo!" shemeji yake alipiga makofi.

Zamu ya mke kusema ilifika, naye akaweka karatasi yake chini, akamtazama mumewe.

"Hayo hukuyasoma kwenye karatasi," alisema. "Ndivyo unavyosema ukipanda ngazi za nyumbani. Na mkono unauweka hapohapo."

"Naigiza, mama watoto."

Nesi alivuta kiti karibu. "Tangu lini, kaka?"

"Ah, mwezi hivi. Nikipumzika inaisha. Ni samli yake huyu, anamimina kama maji."

"Usinisingizie!"

"Na sasa hivi," nesi aliuliza, "panauma?"

Kijiti aliwatazama wote. "Kidogo," alisema.

Nesi alimpa aspirini atafune, akaita gari la wagonjwa. Kijiti alilalamika njia nzima kwamba wanasumbua watu bure. Hospitalini walikuta mshipa mmoja wa moyo umekaribia kuziba. Waliuzibua kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye kifundo cha mkono, naye akakaa wodini akilalamikia mto.

Mchezo ulifanyika bila yeye. Shemeji alichukua nafasi yake na, pamoja na kuonywa sana, akaanguka kwa mbwembwe zote. Mke wa Kijiti alimruka pale sakafuni, akaja mbele ya jukwaa, akawaeleza watu kwa maneno yake mwenyewe yale yaliyompata mumewe, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimchemshia maji ya moto jioni baada ya jioni. Hakuna aliyecheka.

Baadaye nesi alipanga meza ya kupima presha. Yule bibi alitaka kujua kama samli ni marufuku sasa.

"Unatia vijiko vingapi, bibi?"

"Mimi sipimi, natia."

"Basi tuanze na kupima."

Shemeji aliketi wa kwanza, bado ana vumbi mgongoni. Nesi alisoma namba, akarudia kupima, akaisoma tena.

"Mashine yako mbovu," shemeji alisema.

"Jumatatu asubuhi," nesi alimjibu, "uje kliniki. Na dada yako atakusindikiza."