Jezi ya Fainali ya Sumaku

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Rasharasha zilianza alfajiri, na hadi saa tatu zilikuwa bado zinagonga taratibu bati la ofisi ya klabu. Mjane wa Sumaku alikaa kwenye benchi akiomba kimoyomoyo: Mungu wangu, usiniache niaibike.

Sumaku alikuwa kipa wa klabu, na mpira ukimkaribia ulimng'ang'ania mikononi. Alifariki mwaka jana. Klabu ikaamua kuiweka kwenye kabati la kioo jezi aliyovaa siku ya fainali, na mjane akaileta. Kesho yake muuza jezi mmoja wa sokoni akaleta nyingine, akaapa kuwa hiyo ndiyo halisi na ya mjane ni feki. Maneno hayana miguu lakini hutembea. Kufikia Jumatano soko zima lilikuwa likisema mjane ameuza jezi ya marehemu mumewe na sasa anawapa watu bandia.

Mwenyekiti wa klabu alizilaza jezi zote mbili mezani.

"Mimi na jezi ni chanda na pete," alisema muuza jezi. "Tazameni hii yangu. Lebo ya kiwanda ipo shingoni, namba imenyooka. Ile haina lebo, namba imekwenda upande, na mkono mmoja umepauka. Hiyo ni feki ya mchana kweupe."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Sindano, fundi cherehani aliyetunza jezi za klabu kwa miaka ishirini. Alikung'uta mwavuli, akafuta miwani.

"Msiniambie ipi ya nani," alisema.

Alianza na ile yenye lebo. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono polepole, kama mtu asomaye barua ya mwanawe.

"Aliyeshona hii ni fundi. Nikimpata nampa kiti pale kwangu."

Muuza jezi akatabasamu. Mjane akainamisha kichwa.

"Ila haijawahi kugusa ardhi. Kipa hulala chini, mwanangu. Viwiko hivi ni vipya kama vya bwana harusi."

Kisha akaishika ya pili.

"Lebo ya hii niliikata mimi. Nilizikata zote. Jezi mpya zikifika, kazi ya kwanza ilikuwa mkasi. Lebo ziliwakwaruza shingo, wakawa wanacheza huku wanajikuna kama wana chawa." Watu wakacheka. "Wewe, baba, unatafuta jezi ya dukani. Hii ilikuwa kazini; hata namba imevutika upande kwa kuanguka."

"Na huo mkono uliopauka, mama?" aliuliza muuza jezi.

"Mkono huu si wa jezi hii."

Mjane aliinua kichwa. Hata yeye hakujua habari za mkono huo.

"Wa kwanza ulichanika siku ya fainali, kipindi cha kwanza," aliendelea Mama Sindano. "Wakati wa mapumziko nikakata mkono wa jezi ya kipa wa akiba, iliyokuwa imekwisha kupauka, nikaushona hapohapo, Sumaku mwenyewe amevaa jezi yake anakunywa maji. Nilimchoma mara mbili. Alisema tu, 'Pole kwa kazi, shangazi.'"

Mwenyekiti aliinuka, akaiteremsha ukutani picha ya ubingwa. Miaka yote hiyo macho ya watu yalikuwa yakienda kwenye kombe. Sasa waliutazama mkono wa kushoto wa kipa aliyelinyanyua. Ulikuwa umepauka.

Mjane aliigusa ile mishono ya mkono, midogo, imebanana kama punje za mtama. Hakuna hata mmoja uliofumuka. Alimtazama yule mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akamshukuru Mungu kwa vidole vile.

Muuza jezi alivua kofia. Alisimama mbele ya mjane.

"Mama, nilikuita mwongo mbele za watu. Na hawa wote wanisikie. Leo kabla jua halijazama nitapita kila duka na kila kibanda nilikolisema neno lile, na nitasema kwa mdomo huuhuu kwamba jezi ya mumeo ni halisi, na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Mwenyekiti, nifuate nyuma uhesabu vibanda. Nikiruka hata kimoja, msininunulie tena hata soksi."