Nyayo Nilizozifuta

Walifika Alhamisi, mume na mke kutoka Ubelgiji, kwa siku tatu tu, kama wafikavyo wengi wakati wa baridi. Wanashuka kwenye ndege saa tisa alasiri, giza limeshatanda, maana huku kaskazini jua la baridi huzama mapema, tunawavisha ovaroli nene na viatu vya kuazima, tunawapeleka kwenye hema letu kando ya ziwa lililoganda kuitafuta mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku, halafu wanarudi kwao na picha zao. Mimi na kaka yangu Niillas tunaifanya kazi hiyo tangu kulungu aliowafuga baba walipopungua wasiweze tena kulisha nyumba mbili.

Mume aliitwa Wouter. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mpole, mwenye kusema asante kwa kila kitu. Mke aliitwa Lieve, na siku ile ya kwanza sikumsikia akisema zaidi ya maneno kumi. Nilipomuuliza kama angependa kahawa au chai, Wouter alijibu, "Anakunywa chai." Nilipomkabidhi ovaroli, Wouter alimfunga zipu mpaka kidevuni, na yeye akainua kidevu kumpisha, kama mtoto anayevalishwa kwenda shule. Nilidhani ni mapenzi. Niseme kweli, niliona hata wivu kidogo, maana mimi mume wangu alikuwa hajui hata koti langu lina rangi gani, mpaka tukaachana.

Usiku ule mawingu yaligoma kuondoka. Niillas alitazama juu akasema kwa lugha yetu, "Leo mbingu imejifunika blanketi, dada. Kawaambie wageni wako umeme umekatika." Wouter hakucheka alipoambiwa. Alikwenda nyuma ya hema kukojoa, na ndipo Lieve akaniuliza, haraka haraka, akiinyooshea mkono taa ndogo ng'ambo ya ziwa: "Nani anakaa pale?"

"Shangazi Ravna," nikamwambia. "Yuko peke yake. Ni mjane."

"Barafu inafika mpaka kwake?"

"Inafika. Ila pale kijito kinapoingia ziwani hatupiti, barafu ni nyembamba."

Akaitikia kwa kichwa. Mumewe aliporudi alimkuta ameshaukamata tena mkono wa kikombe chake, akitazama moto.

Ijumaa anga lilikuwa safi na baridi ilishuka mpaka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Niillas alibaki nyumbani kutengeneza pikipiki yake ya theluji, kwa hiyo nilikwenda na wale wawili peke yangu, nikiwakokota kwa pikipiki yangu kwenye tela juu ya ngozi za kulungu. Saa kumi na moja na nusu jioni mianga ilianza. Kwanza utepe mmoja mwembamba upande wa kilima, kisha mbingu nzima ikawa inatembea. Hata sisi tuliozaliwa chini yake husimama. Wouter alipanga kamera yake juu ya miguu yake mitatu, akamweka Lieve hatua chache mbele yake, akamwambia, "Simama hapo. Usisogee mpaka nikuambie." Alieleza kwamba kila picha inachukua sekunde ishirini.

Niliingia hemani kukoka moto na kukaanga nyama. Nilikaa humo labda robo saa, labda zaidi kidogo. Nilipotoka na vikombe vitatu mkononi, nje alikuwapo mtu mmoja.

"Mkeo yuko wapi?"

"Hapo," alisema bila kuondoa jicho kwenye kamera, iliyokuwa sasa imeelekezwa juu kabisa. Halafu akatazama.

Tuliita. Tulizunguka hema, tukamulika mitini. Wouter alirudisha nyuma picha zake. Katika moja Lieve alikuwa amesimama wima, uso mweupe. Katika iliyofuata palikuwa na mstari tu, kama moshi, ukielekea ukingoni. Katika ya tatu palikuwa na ziwa tupu.

"Nilimwambia asisogee," alisema, akaanza kulia. Alilia vibaya, kamasi zikamgandia kwenye masharubu. Nilimkalisha kando ya moto nikamwambia asitoke hapo kwa lolote, nisije nikatafuta watu wawili.

Nyayo nilizipata nyuma ya hema. Aliyepotea huzunguka, husita, hurudi alikotoka. Nyayo hizi zilikuwa zimenyooka kama kamba iliyovutwa, na zilielekea kwenye taa ya shangazi Ravna. Nilipofika karibu na mdomo wa kijito niliizungusha pikipiki kwa mbali, kwa sababu zilipita mahali ambapo mimi nisingempitisha hata mbwa. Lakini zilitokea upande wa pili.

Ravna alifungua mlango kabla sijabisha. "Yupo," alisema. "Vua viatu, na usije na makelele yako humu."

Lieve alikuwa amekaa mezani bila glavu, vidole ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe kama nta. Ravna, asiyejua neno la lugha yoyote ya kigeni, alikuwa amemtilia kahawa yenye vipande vya jibini, kama tunavyoinywa sisi, na alikuwa akimnywesha mwenyewe kwa kijiko.

"Shangazi, amekwambia nini?"

"Nitajuaje amesema nini, mwanangu? Ameingia, amefunga mlango, ameuegemea kwa mgongo. Hilo halihitaji mkalimani."

Nilimwambia Lieve kwamba mumewe anamtafuta, analia.

"Najua analia," alisema. "Analia vizuri sana. Mwaka jana nilikimbilia kwa dada yangu. Akaja akalia mlangoni mpaka dada akamhurumia akampisha ndani. Kabla ya hapo nilikwenda kwa rafiki, akalia kwa rafiki. Kila mtu humwambia nilipo, kwa huruma." Alitoa mkono mmoja majini akautazama. "Pasipoti yangu anayo yeye. Simu yangu anayo yeye. Tafadhali, usimwambie."

Nilimuuliza kama anampiga. Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kutosema uongo. "Si sana," alisema.

Ravna alinitazama, nikamtafsiria. Akasema, "Basi nenda zako. Mimi na huyu tuna maji ya kubadilisha."

Nilipotoka niliziona tena zile nyayo kwenye mwanga wa taa yangu, zimekaa juu ya theluji kwa yeyote mwenye macho. Wouter angetoka tu nyuma ya hema angezifuata mpaka mlangoni. Mimi nimefundishwa na baba, na mafunzo ya uokoaji nimeyapitia mara mbili, na jambo la kwanza unaloambiwa ni kwamba nyayo za mtu aliyepotea hazikanyagwi. Nilizikanyaga. Nilipitisha pikipiki juu yake toka kwa Ravna mpaka karibu na hema, ila pale kijitoni tu, ambapo barafu yenyewe isingebeba pikipiki. Pale nilishuka nikatambaa kwa tumbo nikazifukia kwa mikono. Kisha nikazunguka ghuba nzima, nikapita kwenye vibanda vyote vya wavuvi, mpaka ziwa likawa na mistari huku na kule, hakuna anayejua upi umetoka wapi.

Nilichokosa kujua ni kwamba Wouter alikuwa ameshapiga simu ya dharura. Nilipokaribia hema niliona taa za pikipiki sita zikishuka kilimani. Majirani zetu walikuwa wameacha chakula cha jioni mezani. Niillas alikuwa mbele, na kabla ya kunisalimu alimulika chini.

"Nani kaharibu nyayo?"

Nilimvuta kando. "Mimi."

"Wewe?"

"Yuko hai, kaka. Yuko kwenye joto. Hataki aonekane."

Aliigeuzia taa yake ile mistari ya ziwani. "Kuna watu wapo njiani toka kijiji cha pili," alisema. "Mzee Ovlla katoka na kifua chake kile kibovu. Na wewe unafagia ziwa kama unafagia sebule. Una akili kweli, Risten?"

Nilipiga simu ya dharura mimi mwenyewe, nikasema mwanamke amepatikana, ni mtu mzima, anaomba polisi na hataki mumewe ajue alipo. Halafu nikaenda kwa Wouter. Nilimwambia mkewe yu salama, lakini sitasema yuko wapi.

Alishukuru Mungu. Alinishika mikono yote miwili. Ilichukua muda kidogo sehemu ya pili ya maneno yangu kumwingia, na ilipomwingia machozi yalikatika papo hapo, kama bomba lililofungwa. Hilo ndilo nililomweleza polisi baadaye, na ndilo nililojishikizia wiki nyingi. Lakini mtu anaweza kuacha kulia kwa sababu nyingi.

Polisi walimchukua Lieve usiku ule ule, Ravna akapanda naye gari akiwa na aproni bado kiunoni, akikataa kuulizwa. Pasipoti wakaichukua kwa Wouter hotelini. Polisi mwanamke aliyeniandikia maelezo aliniambia kuzifuta nyayo ni jambo la hatari na kwamba kama yule mwanamke angekuwa ametoka tena nje, ningekuwa nimemuua. Nilimwambia najua. Akaandika hilo nalo.

Jumamosi mchana Wouter alikuja nyumbani kwangu. Alisimama uani, hakujaribu kuingia. Alikuwa amenyoa. Alitoa mfukoni pakiti ya vidonge akaninyooshea.

"Hivi ni vyake. Ni mgonjwa, Risten, anaona vitu ambavyo havipo. Siku ya tatu bila dawa huwa mbaya sana. Sikuombi uniambie aliko. Nakuomba umpelekee tu."

Aliongea kwa utulivu, na jina la Lieve lilikuwa limeandikwa kweli kwenye pakiti. Nilivipokea. Alipoondoka niliisoma pakiti mara mbili. Nilimpigia yule polisi nikamwuliza, je, kama nimekosea? Akasema Lieve ameonwa na daktari, na zaidi ya hapo hana ruhusa ya kusema. Nilimsomea jina la dawa. Aliitafuta kwenye kompyuta yake, akasema, "Hizo ni za usingizi. Daktari ataambiwa."

Jumapili Wouter alipanda ndege peke yake.

Mimi na Niillas hatukuzungumza vizuri majira yote yaliyobaki ya baridi. Tulifanya kazi, tulipakia kuni, lakini mzaha ulikwisha. Siku moja, tukifunga tela, alisema bila kunitazama, "Ulimsikiliza yeye dakika kumi. Yule bwana ulikaa naye siku mbili, hakukosea neno. Ukachagua. Mimi nisingethubutu kuchagua." Nikamwambia hata kutochagua kungekuwa kumkabidhi. Akasema, "Labda," akakaza kamba. Wageni waliokuwa wameagiza nafasi mwezi wa pili baadhi yao walijitoa, kwa sababu Wouter alikuwa ameandika mtandaoni, kwa adabu kabisa, kwamba mimi niliyewaongoza nilimficha mkewe mgonjwa. Hakukuwa na neno hata moja ambalo ningeweza kulithibitisha kuwa uongo.

Kuanzia Machi simu ya Ravna ilianza kulia kila Jumapili. Alikuwa ni Lieve. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Ravna alikaa dirishani akimtajia alichokuwa anakiona: theluji, ndege, kulungu wawili, jua. Lieve alirudia maneno kwa matamshi mabaya na Ravna alimcheka. Mambo hayo yaliendelea kiangazi chote. Mara moja nilikuwapo, Ravna akanipa simu, na Lieve akaniambia yuko katika mji mwingine, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, vidole vyake vimepona ila kimoja hakihisi moto na inabidi akiangalie anaposhika sufuria. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye usingizi wa kutosha.

Mwezi wa tisa niliingia kwenye kompyuta kutazama maombi ya Januari. Lilikuwapo jina la Wouter, usiku mbili, watu wawili, wa pili hakutajwa. Chini yake palikuwa na jibu lililotumwa siku nne nyuma: hatuna nafasi, wala hatutakuwa nayo. Niillas alikuwa amejibu bila kuniambia. Niliposhuka uani nilimkuta anachana samaki. Nilisimama karibu naye, akanisogezea kisu cha pili, tukawachana pamoja mpaka ndoo ikaisha.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Lieve kwenye simu ya Ravna. Nilibishana na nafsi yangu wiki nzima kama nimwambie au nimwache alale. Nilimwambia kwamba Wouter aliomba kuja, kwamba aliandika watu wawili, na kwamba tumemkataa.

Nilisikia vyombo vikigongana nyuma yake. "Aliandika lini?" akauliza. Nikamtajia tarehe. Akaniomba niirudie, nadhani alikuwa anaiandika mahali. Kisha akashukuru, akaomba nimpe Ravna, na Ravna akamwambia kwamba majani ya miti yameanza kuwa mekundu.

Baada ya hapo ile nambari haikupatikana tena. Yule polisi mwanamke alisema hiyo inaweza kuwa habari njema, watu hubadilisha nambari wanapohama. Ravna anasema hivyo hivyo anapoulizwa, ila Jumapili hatoki nyumbani, hata kwenye harusi ya mjukuu wake alichelewa. Mimi ninaendelea kupeleka wageni ziwani. Mianga ikitokea nawaambia watazame juu watakavyo, na mimi huwatazama wao.