Baiskeli Niliyoishonea Guniani

Wewe mzazi ambaye mtoto wako anapanda ndege na baiskeli ya kukunja, soma hapa kabla hujagusa sindano. Mimi niligusa.

Binti yangu ana mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa. Akitembea mwendo mrefu nyonga inamuwaka moto, anakaa chini popote, hata kwenye tope. Lakini mpandishe baiskeli uone. Mguu mfupi na mrefu inapatana, anapita mtaani kimya kimya kama mtu anayeteleza usingizini. Kwa hiyo alipopata nafasi ya kwenda mbali miaka miwili kusomea uchongaji wa lenzi za miwani, akasikia kwamba kutoka bwenini hadi karakana ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, alisema neno moja tu.

"Bila baiskeli siendi, Mama. Siku ya kwanza nitafika, ya pili nitalazwa."

Fundi wa baiskeli akamtafutia hiyo ya kukunja. Ina bawaba katikati. Unaachia kifungo, gurudumu linakuja juu ya gurudumu mwenzake, inalala. Fundi akapunguza upepo kwenye tairi, akasema itiwe kwenye mfuko wake wa zipu, basi, safari imekwisha.

Mimi ndipo nikaanza kuota. Kila nikifumba macho, hata mchana nimekaa kitini, naiona tumboni mwa ndege. Kumetulia mle, mwanga mweupe kama maziwa. Inajikunjua taratibu kama mtu anayejinyoosha, inaanza kuzunguka katikati ya masanduku, haijapandwa na mtu. Inazunguka, inazunguka, halafu inauona mlango.

Nikamwendea fundi.

"Mama, ile ina kufuli," aliniambia. "Hata ndege ipinduke juu chini, itabaki imejikunja kama paka wa jikoni."

"Wewe umeshawahi kupanda ndege?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza."

Kazi yangu ni kushona magodoro. Siku moja kabla ya safari, binti akiwa ametoka kuaga wenzake, niliitoa baiskeli kwenye mfuko wake, nikaizungushia sponji, nikaitia kwenye gunia la turubai, nikaushona mdomo wote kwa uzi uliotiwa nta. Nilishona mshono wa mnyororo, ule wa magunia ya unga. Mshono huo una tabia yake. Ukishika uzi wa upande mmoja ukavuta, wote unafumuka, trrr, kama maji yanayomwagika. Ukianzia upande wa pili kila tundu linakaza, utafumua mpaka vidole viote sugu. Na kabla sijaufunga nilitumbukiza kopo la mafuta ya mnyororo, yale ya kupuliza. Nikajiona nina upendo kweli kweli.

Binti aliporudi akalitazama gunia. "Haya, Mama," akasema, akaenda kuoga.

Kufika uwanja wa ndege sikuwa nimelala siku tatu, basi kila kitu nakiona kama kiko majini. Sakafu inang'aa hadi unaona watu wengine chini yake, vichwa chini, wanatembea nyayo kwa nyayo na hawa wa juu. Sauti ya mwanamke inatoka darini, laini, inaita majina ya miji kana kwamba inaita watoto waje kula.

Nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na bwana mwenye sanduku jekundu.

"Mama, umeshona nini humo, ng'ombe?"

"Baiskeli."

"Baiskeli! Kwani inasikia baridi?"

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, na mimi nikacheka nisijue nacheka nini.

Dada wa kaunta akaupima mzigo, akaufunga kikaratasi, mkanda ukauchukua. Nikautazama unaelea, unapita chini ya pazia la mpira, haupo tena. Hatujapiga hatua mbili, askari wa mizigo akatuita kwenye mashine ya kumulika. Akanigeuzia kioo nione.

Heri nisingeangalia. Baiskeli ilikuwa imelala kwenye mwanga wa buluu, imejikunja, magoti kifuani, mifupa yote inaonekana. Mara moja tu nimewahi kuona picha kama ile. Nikiwa na mimba yake, nesi alinigeuzia hivyo hivyo, akaweka kidole akasema, mguu huu tutauangalia.

"Hili kopo," askari akasema. "Lina gesi, linawaka. Haliendi. Tukate hapa tulitoe."

"Usikate, baba. Gunia halitafungika tena. Nitafumua mwenyewe."

"Fumua haraka, Mama," dada wa kaunta akaita. "Dakika ishirini nafunga. Nikishafunga mzigo hauingii."

Bila baiskeli siendi. Hakulisema tena, nililisikia mwenyewe.

Nikapiga magoti. Na hapa sitadanganya, maana naandika ili mjihadhari. Mikono yangu ilikwenda upande usiofumuka. Naujua mshono wangu hata gizani, lakini mikono ilikwenda kule, na mimi nikaiacha. Nikafumua tundu la kwanza, la pili. Hakuna aliyekuwa na haraka mle nilimokuwa. Niliona viatu vya binti mlangoni kwetu, kimoja soli nene. Nikasikia pedeli zake zikipita chini ya dirisha, zikirudi. Ilitakiwa tu nibaki palepale, tundu kwa tundu, hadi ile sauti ya darini imalize kuita miji yote.

"Mama, si ungemwacha askari akate?" yule bwana akasema. Safari hii hakutania.

Binti akachuchumaa kando yangu, kwa taabu, mguu mfupi kaunyoosha pembeni. Akalishika gunia na kulikaza, kama anavyonishikia magodoro tangu ana miaka saba. Nani alikuwa akinifumulia magodoro ya zamani? Si yeye, kwa mshono huu huu? Nikamtazama. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu.

"Dakika kumi, Mama," dada wa kaunta akaita.

"Vuta wewe," nikamwambia binti.

"Hapana. Vuta wewe, Mama."

Nikasogea upande wa pili kwa magoti. Nikashika uzi. Trrr.

Askari akachukua kopo lake. Binti akafungua begi la mgongoni, akatoa ule mfuko wa zipu, alikuwa nao muda wote, akaitia baiskeli ndani. Mkanda ukaichukua. Akanikumbatia hadi turubai likabanwa katikati yetu, kisha akaenda, akichechemea, hajageuka.

Juma lililofuata akapiga simu. Anafika karakana kabla ya wenzake, anasema, barabara ni tambarare na asubuhi ina ukungu, anapita ndani yake kama hayupo.

"Mama, siku ile nilikuwa nahesabu matundu."

"Nilijua."

"Nilijiapia ukifika la kumi navuta mwenyewe, na simu hupati mwaka mzima."

Nilikuwa nimefika la tisa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, tumia mfuko wa zipu. Mafuta ya mnyororo atanunua huko huko.